Boneti Iliyosimama Bila Fimbo

Mfaume Lukumani aliandika ombi lake la kwanza la uhamisho tarehe 11 Agosti 1975. Nakala anayo, na ina mhuri wa kupokelewa wa siku iliyofuata. Aliomba kuhamia Kigoma, ambako mkewe Amne, muuguzi, alikuwa amepelekwa miezi mitano kabla pamoja na watoto wao wawili. Jibu lilikuwa la mstari mmoja: asubiri mpaka apatikane mtu wa kushika nafasi yake.

Ana miaka arobaini na miwili. Ni fundi wa magari katika karakana ya serikali mjini Tabora, na anakaa Isevya katika nyumba ya vyumba vinne aliyoachiwa na baba yake. Vyumba vitatu amevifunga. Mara mbili kwa mwaka hupanda treni kwenda Kigoma, hukaa siku sita, hurudi. Safari ya mwisho mtoto wake mdogo, mwenye miaka minne, alimfungulia mlango, akamtazama, kisha akakimbilia jikoni kumwambia mama yake kwamba kuna mgeni.

Kuacha kazi hakukuwezekana. Bila barua ya kuachiwa, hakuna shirika la umma ambalo lingemchukua, na huko Kigoma kazi ya ufundi anayoijua iko katika mashirika ya umma. Kukaa mjini bila kazi nako kulikuwa na mwisho wake. Mwaka 1974 aliona watu wasio na kazi wakipakiwa kwenye malori na mabati yao kwenda kuanza vijiji vipya. Breki za malori hayo alizitengeneza yeye.

Kwa hiyo alisubiri. Aliandika ombi la pili, la tatu, la nne. Mwezi Februari mwaka huu wa 1978 Amne akaandika kwamba karakana moja ya meli ya huko imekubali kumpokea, na kwamba nafasi hiyo itawekwa wazi mpaka tarehe 30 Juni, si zaidi.

Aliyepaswa kumtilia saini ni mkuu wa karakana, Bwana Pazi, Mzaramo aliyehamishiwa Tabora mwaka 1973. Babu yake Mfaume alikuwa mpagazi wa Unyanyembe, aliyebeba pembe mpaka pwani mara saba kabla ya reli. Tangu enzi za misafara hiyo Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na Bwana Pazi ni mtu anayeupenda utani kuliko chai. Akipewa ombi la uhamisho husema, "Mnyamwezi na safari! Babu yako alikuja kwetu na mzigo, akalala uani na mbuzi. Wewe kaa, pumzisha ukoo." Mfaume hujibu kwamba mbuzi wale walikuwa na adabu kuliko wenyeji. Watu hucheka, na karatasi hurudi katika faili.

Mwaka huu Bwana Pazi alikuwa na sababu mpya ya kumzuia, nayo ilikuwa gari lake mwenyewe. Ni gari la kazi aina ya jeep, lililobeba tairi la akiba juu ya boneti. Boneti hiyo, pamoja na tairi, ni mzigo wa kuinuliwa kwa mikono miwili, na iliegemezwa na fimbo ya chuma yenye unene wa kidole. Baada ya miaka kumi na mmoja tundu la kupokelea fimbo lilikuwa limelika. Fimbo ilikaa pale tu ambapo Mfaume aliipachika kwa kipande cha mpira wa kandambili, kwa namna yake. Mwezi Machi fundi mwenzake, Marko, aliipachika kwa namna yake mwenyewe. Boneti ilimshukia, akashonwa nyuzi saba kisogoni.

"Ukiondoka," alisema Bwana Pazi, "nani atanifungulia boneti? Huyu mwenye kichwa cha viraka?"

Ilikuwa saa sita mchana, mwishoni mwa Aprili, na mafundi wote kumi na mmoja walikuwa wamekaa kivulini wakila mihogo. Mfaume alisimama.

"Nikiifanya isimame yenyewe, mtu yeyote aifungue kwa mkono mmoja, utanitilia saini?"

"Isimame na nini? Na dua?"

"Isimame bila fimbo."

Bwana Pazi aliwageukia wengine. "Mmemsikia? Haya. Siku boneti yangu itakaposimama bila fimbo, nakutilia saini, na mzigo wako nitaubeba mimi mpaka stesheni. Kichwani! Safari hii mpagazi atakuwa Mzaramo."

Walicheka wote. Mfaume naye alicheka. Jioni aliandika Kigoma kwamba atafika kabla ya mwisho wa Juni.

Alijua anachokitafuta. Nyuma ya duka la Rajnikant, muuza vyombo na misumari karibu na soko, lilikuwapo gari lililopinduka njia ya Puge, ambalo Rajnikant alilinunua ili auze vipuri vyake. Mlango wake wa nyuma, unaofunguka kwenda juu, ulikuwa wazi tangu Februari, mvua ikinyesha, upepo ukivuma, na hakuna kilichoushika isipokuwa vyuma viwili vyembamba pembeni. Mfaume aliwahi kuusukuma chini. Ulishuka polepole, na alipouachia ukapanda wenyewe. Zilikuwa shokapu za gesi: bomba lililozibwa, ndani gesi iliyobanwa, na fimbo nyembamba inayosukumwa nje wakati wote.

"Kaka Rajni, nahitaji hizi mbili."

"Chukua. Nitengenezee pampu ya kisima." Rajnikant alimtazama akizifungua. "Kigoma lini?"

"Mwezi wa sita."

"Mimi pia nilisema mwezi wa sita. Kwenda kwa kaka yangu." Aliinua mlango na kuuegemeza kwa ufagio. "Mwaka sabini na tatu."

Kabla ya kufungua nati ya mwisho, Mfaume alichora zilivyokaa. Aliona kwamba mlango ukifungwa, fimbo nyembamba hutazama chini na bomba hubaki juu. Hakujua sababu kwa hakika. Alidhani ndani kuna mafuta kidogo ambayo lazima yabaki mdomoni mwa bomba ili mpira wa kuzibia usikauke, na akaamua kufuata mchoro.

Katika karakana Marko alikuwa wa kwanza kutaka kusaidia. Alikuja na mtungi wa kuchomelea.

"Lete nichomelee vichwa moja kwa moja kwenye madigadi. Dakika mbili."

"Weka chini moto huo! Ukiipasha hii tutaokota meno yako Urambo."

"Kwani ni bomu?"

"Ni gesi. Kazi yake yote ni kutaka kutoka."

Alikata vijiti viwili vya ufagio. Kimoja kilikuwa na urefu wa shokapu iliyojikunja mpaka mwisho, kingine urefu wa iliyojinyoosha. Kwa vijiti hivyo alitafuta juu ya madigadi na chini ya boneti sehemu mbili ambazo, boneti ikifungwa, haziko karibu kuliko kijiti kifupi, na ikifunguliwa, haziko mbali kuliko kirefu. Kazi hiyo ilimchukua jioni tatu. Bohari haikuwa na chuma cha unene uliofaa kwa pini za breketi, vishikizo vya shokapu. Chuma chenye unene huo kilikuwa kimoja tu pale, yaani fimbo ya boneti. Aliifunga kwenye jiliwa, akaikata vipande vinne.

Jaribio la kwanza halikufaulu. Tairi la akiba lilikuwa zito mno, na shokapu zilijikunja na kutulia. Alilihamishia tairi nyuma ya gari. Sasa nguvu ikazidi: boneti iliruka juu, na alipoisukuma kuifunga, bati likaanza kupinda karibu na bawaba. Hakuweza kupunguza gesi, kwa hiyo alipunguza nafasi yake ya kusukuma. Alitoboa matundu mapya kwa keekee, shubiri moja karibu zaidi na bawaba, akanyoosha bati kwa nyundo ya mbao. Ikapanda vizuri. Kisha ikaja baridi ya Juni. Alifika saa kumi na mbili asubuhi, akaikuta ikipanda na kushuka tena, kwa kuwa gesi ikipoa huishiwa nguvu. Alirudisha pini mbele kwa vidole viwili. Siku iliyofuata ikasimama asubuhi, na mchana ikafungwa bila kupinda.

Ijumaa tarehe 9 Juni Bwana Pazi aliifungua kwa mkono mmoja mbele ya watu wote. Aliisukuma chini, ikapanda. Aliweka kofia yake juu, ikasimama.

"Mnyamwezi," alisema, "wewe ni mchawi. Magari mangapi yamebaki yenye fimbo?"

"Kumi na moja," alijibu Marko.

"Basi utayafanya hayo kumi na moja."

Mfaume alitoa barua mfukoni. "Bwana Pazi, saini. Mzigo wangu uko tayari, sanduku moja na godoro."

Bwana Pazi alicheka mpaka akashika gari. "Godoro! Nyie, anataka kunibebesha godoro kweli! Wewe, mtani hamjui mtani wake? Mtu mwenye kazi hii nimwachie aende akatengeneze meli?"

Kwa kawaida ya watani, anayekasirika ndiye mwenye kosa, na hutozwa faini. Mfaume alirudisha barua mfukoni. Jumatatu aliipeleka kwenye kamati ya wafanyakazi, na mwenyekiti alimwuliza kama ahadi ilikuwa na mashahidi. Alisema alikuwa nao kumi. Waliitwa mmoja mmoja, na kila mmoja alisema yalikuwa maneno ya utani. Mfaume alimsubiri Marko nje.

"Hukusikia?"

"Nilisikia, kaka Mfaume."

"Mbona hukusema?"

"Nilicheka. Mtu aliyecheka atashuhudia nini?"

Mtani ana haki ya kuchukua kitu cha mtani wake na asiulizwe. Bwana Pazi mwenyewe aliwahi kuondoka na baiskeli ya Mfaume na kukaa nayo wiki nzima. Jumatatu tarehe 19 Juni, baada ya kazi, Mfaume alizifungua shokapu zote mbili, akazifunga kwa khanga, akaenda nazo nyumbani. Kwenye kiti cha dereva aliacha ujumbe: "Mtani, ukinibebea godoro nitakurudishia."

Asubuhi Bwana Pazi alimwita ofisini. Pembeni yake alikaa karani, daftari wazi.

"Ziko wapi?"

"Kwangu. Mtani amechukua."

"Mtani huchukua kofia. Hii ni mali ya umma."

"Zilikuwa zangu, alinipa Rajnikant. Hata yeye atasema."

"Ulizifunga kwenye gari la umma. Lirudishe basi kama lilivyokuwa. Fimbo iko wapi?"

Karani aliinua kalamu akingoja.

"Nauliza fimbo ya boneti, iliyokuja na gari."

"Niliikata. Ndizo pini za breketi."

"Andika," Bwana Pazi alimwambia karani. "Ameharibu kifaa cha gari bila kibali." Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, bila hasira, "Mfaume, hapa sitanii. Zirudishe leo, hili liishie katika faili la hapa. Usiporudisha, litakwenda mbele." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina.

Alizirudisha saa nane mchana na kuzifunga mwenyewe, fimbo nyembamba zikitazama chini. Karani alimpa maelezo ayatie saini. Aya ya mwisho ilisema kwamba mtumishi mwenye shauri la nidhamu haombi uhamisho mpaka ipite miezi kumi na miwili. Aliisoma mara mbili, akauliza kama aya hiyo inaweza kuondolewa. Karani alisema imepigwa chapa tayari. Akatia saini.

Jana, Ijumaa tarehe 30 Juni, alikwenda posta, akapeleka simu ya maandishi Kigoma yenye maneno manne: "Sitafika. Nafasi wampe mwingine." Kisha alirudi kazini, ambako kulikuwa na klachi ya kufunga kabla ya saa tisa.

Jumatatu tarehe 3 Julai atapanda lori la karakana kwenda Nzega, na barua ya Bwana Pazi mfukoni, kutafuta gari bovu lenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Akilipata, ataanza na boneti ya lori la maji.