Kipimo Kisichomjua Mbuzi

Kuna Jumatatu moja, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani. Nilikuwa nimerudi Kampala kutoka Uswidi, kijana mwenye diploma ya maabara niliyoipata kwa kuosha vyombo vya watu mchana na kusoma jioni. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nikafungua maabara yangu mwenyewe kule Mengo, chumba kimoja chenye friji nzuri, na diploma nikaitundika mahali ambapo mteja ataiona kabla hajaniona mimi. Nakuambia haya ujue anayekushauri si mtu wa kubahatisha.

Asubuhi hiyo alikuja Hajati Mwanaisha, mwenye duka la vitambaa Old Kampala. Nyuma ya nyumba yake alifuga mbuzi wa maziwa, na wawili walikuwa wametupa mimba. Mkwewe, Shamsa, alikuwa mjamzito, na maziwa ya mbuzi mabichi aliyapenda kuliko chakula. Hajati alikuwa amemkataza kwanza, akaniletea damu ya mbuzi wote. Alitaka kujua jambo moja: je, wana brusela, ugonjwa unaopita kwenye maziwa na unaoweza kumharibia mimba hata mwanamke?

Kipimo nilichokuwa nacho kilikuwa cha watu. Cha mifugo hakikupatikana mjini, nami nikajiambia damu ni damu. Mwili ukivamiwa na kijidudu hutengeneza kingamwili, protini ndogo mno zenye umbo la manati. Ncha zake mbili humkamata kijidudu, mpini hubaki nje. Katika sahani yangu mlikuwa na vijidudu vilivyokwisha kufa. Kingamwili zikivikamata, namimina dawa inayoshika ule mpini, na rangi inatokea.

Damu ya mbuzi wote haikutoa rangi yoyote. Hajati alikuwa ameshanyoosha mkono apokee jibu.

Lakini weupe ule ulinisumbua. Hata damu ya mtu mwenye afya huacha kivuli kidogo cha rangi. Hii ilikuwa nyeupe kama maji ya mvua. Nikataka kujua kwa nini.

"Hajati, nipe muda kidogo."

"Ssebo, bwana wangu, daktari wa Uswidi anaomba muda? Ile karatasi ukutani haisemi kwamba unajua?"

"Inasema. Ndiyo maana naomba."

Akacheka, akakaa kwenye benchi na kuvua viatu. "Basi mimi siondoki. Shamsa akipiga simu kuuliza kama anywe, utaongea naye wewe."

Nikajitoa damu mkononi. Nikatenga maji ya damu yangu na ya mbuzi, nikayaacha yashike kila moja katika kishimo chake cha sahani, bila kijidudu chochote. Kisha nikamimina dawa ileile. Changu kikageuka njano palepale. Cha mbuzi hakikubadilika. Dawa haikuujua mpini wa mbuzi. Kingamwili zake zingeweza kujaa tele, na kipimo kikanyamaza.

Nilikaa nikikitazama kile kishimo cheupe, na nakuambia kweli, nilisahau kama kuna mtu ananisubiri.

"Kwa hiyo kinga ya mbuzi si kama yangu?" Hajati aliuliza nilipomweleza.

"Kazi ni moja, umbo linatofautiana. Kuku ana ya kwake, na humwekea kifaranga ndani ya kiini cha yai. Ngamia ana nyingine zilizopungukiwa vipande, na bado zinakamata."

Alifikiri kidogo. "Na wewe ulitaka kumuuliza mbuzi kwa kipimo cha watu, halafu useme amejibu."

Nikainuka. Nikatoa kwenye friji dawa ya zamani ya rangi ya waridi, ambayo wasomi wenzangu waliidharau. Ile haijali mpini. Vijidudu vyake vimepakwa rangi, na kingamwili za mnyama yeyote zikivikamata, vinagandamana mbele ya macho yako. Nikaweka matone kwenye kigae cheupe. Damu ya wale mbuzi wawili ikafanya chembechembe kama maziwa yaliyokatika.

Simu ya Shamsa iliingia tukiwa bado tumeinama juu ya kigae. Nikaipokea mwenyewe, nikamwambia asinywe, na aende kliniki akapimwe kwa kipimo chake. Alikutwa salama. Mbuzi wale wakachukuliwa na daktari wa mifugo, na miezi ilipotimia Shamsa akajifungua binti.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Soma, upate vyeti, na vitundike. Mimi vyangu havinionei aibu. Lakini chombo kikikuambia hakuna kitu, kiulize kwanza kama kinamjua huyo unayempima. Viumbe wanaishi kwa kinga zinazofanana kazi na kupishana maumbo, na watu ni hivyohivyo. Usimsome mmoja kwa kipimo cha mwingine. Na jibu likikujia safi kupita kiasi, mwache mwenye haraka akusubiri.

Mola akupe udadisi usiozeeka, akutie subira mikononi, na kila atakayekunywa au kula kwa neno lako, amke salama.