Karani Ildefons Ajitetea Ukweni

Kwa miaka kumi na miwili Ildefons aliketi kwenye meza ya ukarani katika baraza la Kishanda akiandika maneno ya watu, na kadiri alivyoyaandika ndivyo alivyozidi kuwadharau wenye maneno. Mtu anakuja na shauri la mbuzi aliyekula mibuni michanga, na badala ya kumtaja mbuzi anaanza na jinsi babu yake alivyohamia Kishanda. Mwingine ana haki tupu mkononi, lakini analia hadi anasahau alichokuja kudai. Ildefons aliwasikiliza kalamu ikiwa hewani, mdomo ameubinua, akingoja wafike kwenye jambo. Kwa maoni yake, katika nchi yote kuanzia Muleba hadi Ngenge walikuwapo watu wawili tu waliojua kupanga hoja: yeye mwenyewe na Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, na hata huyo Bwana Shauri, Ildefons alikuwa bado anamtilia mashaka.

Usidhani alikuwa mtu mkubwa. Kibanja chake kilikuwa kama vibanja vya wenzake, migomba na mibuni kidogo, na nyumba yake ilikuwa ya bati upande mmoja na ya nyasi upande wa pili, kwa sababu bati zilikwisha kabla ya nyumba. Suruali ya kazini alikuwa nayo moja. Mkewe Ephrasia aliifua kila Jumamosi na kuipiga pasi ya mkaa, ili Jumatatu bwana aweze kuwadharau watu akiwa nadhifu.

Mwaka wa arobaini na nane, mvua za vuli zilipoanza, Ephrasia aliondoka. Aliacha ndizi zimepikwa na kufunikwa kwa majani, akamwambia jirani yao Buberwa kwamba anakwenda Kemondo kwa baba yake, akajitwika kifurushi kidogo, akashika njia. Ildefons aliporudi jioni na kupewa habari hizo, hakuuliza swali hata moja. Alijua mara moja kwamba mkewe amenoba, ndivyo Wahaya wanavyosema mwanamke akimwacha mume na kurudi kwao.

Mambo hayo yana taratibu zake, na kila mwanamume wa Buhaya anazifahamu. Unatafuta rubisi nzuri, pombe ya ndizi, unamchukua mtu mwenye ulimi wa kukusemea, unakwenda ukweni, unakaa chini kwenye nyasi na kuinamisha kichwa. Wakwe wanakusema mpaka wachoke. Unakubali kila kitu, hata usichokifanya. Wanakutoza faini, wanakunywa, wanacheka, na kesho yake unarudi nyumbani na mkeo. Ni kazi ya siku moja kwa mtu ambaye shingo yake inakubali kuinama.

Shingo ya Ildefons haikukubali. Alingoja mwezi mzima, akijiambia kwamba Ephrasia atachoka dagaa za baba yake na kurudi mwenyewe. Hakurudi. Majani makavu yakajazana kibanjani, suruali ikaota magoti, na karani akajifunza kwamba hawezi kumenya ndizi bila kujikata kidole. Na usiku alikuwa akikaa kitandani akisikiliza, kwa kuwa Ephrasia alikuwa na desturi ya kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini akifunga mlango wa jikoni, na sasa mlango ulikuwa ukifungwa na Ildefons mwenyewe, kimya. Alimtaka mkewe. Alimtaka sana, ila kulisema neno hilo kwa mtu mwingine aliona ni sawa na kulia barazani.

Hivyo akaamua kwenda, lakini kwa namna yake. Alichukua karatasi za zamani za kuwaitia watu shaurini, akazigeuza upande mweupe, akaanza kupanga hotuba.

Alianza na wasikilizaji, kwa kuwa aliamini kwamba anayeongea bila kuwajua wasikilizaji wake ni sawa na wale wajinga wa barazani. Baba mkwe, Mzee Datius, mkulima na mchuuzi wa samaki pale Kemondo: hakusoma, anapenda sifa, asifiwe mwanzoni. Shemeji Karugendo: mnywaji, rubisi itamnyamazisha. Shangazi Klaudia, dada yake Datius: mdomo mrefu, asitazamwe usoni. Kwa Ephrasia aliwaza kidogo, kisha akaandika neno moja tu, Mlalamikaji, akaendelea.

Halafu akapanga sehemu. Kwanza salamu na sifa. Pili majibu ya mashtaka. Tatu ombi. Salamu zilimchukua dakika tano, ombi aliliandika kwa mstari mmoja, lakini majibu ya mashtaka yalimchukua siku nne, maana hapo ndipo ufundi wake ulipokuwa. Aliwaza: Ephrasia amekaa kwao mwezi mzima, bila shaka amekwisha mwaga kila kitu. Basi mimi nisingoje kushtakiwa. Nitayataja mashtaka yao kabla hawajafungua mdomo, moja baada ya jingine, kila moja na jibu lake, mpaka wabaki hawana cha kusema. Alikumbuka mashtaka matatu. Aliyaandika kwa mwandiko mzuri na kupiga mstari chini ya kila moja.

Alipomaliza alimwita Buberwa, akamsomea. Buberwa alikuwa mtu mfupi, mcheshi, ambaye huitwa kila mahali kuwasemea watu ukweni, na Ildefons alimwona kuwa mpuuzi wa kuchekesha walevi. Alimhitaji kwa sababu moja tu, kwamba kwenda peke yake kungekuwa aibu. Buberwa alisikiliza hadi mwisho, akijikuna kisogo.

"Bwana karani," akasema, "una hakika amewaambia haya?"

Ildefons alicheka kwa pua. Akamuuliza ni wapi alikoona mwanamke akakaa mwezi mzima kwao, jikoni na shangazi yake, asiseme. Buberwa akasema kwamba yeye angepeleka rubisi tu, akae chini, angoje kusikia. Ildefons akamjibu kwamba ndiyo maana Buberwa hajawahi kuwa karani.

Waliondoka Alhamisi kwa baiskeli mbili, vibuyu vya rubisi vimefungwa nyuma, wakalala Muleba, na asubuhi wakapanda lori la mizigo hadi Kemondo. Njia nzima Ildefons alikuwa akisogeza midomo. Wanawake waliokuwa wamekalia magunia ya kahawa walidhani anasali, wakampisha akae vizuri.

Nyumbani kwa Mzee Datius walipokewa vizuri, na hilo ndilo lililomtia Ildefons wasiwasi. Mzee alitoka mwenyewe mpaka uani. Karugendo alivipokea vibuyu kwa mikono miwili. Shangazi Klaudia alileta kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo na kuwauliza habari za safari bila hata chembe ya ukali. Waliketi kwenye nyasi mbichi zilizotandazwa sakafuni. Ephrasia alitokea mlangoni, akapiga magoti na kuwasalimu, akarudi jikoni. Alionekana amenenepa kidogo. Ildefons aliyatazama yote hayo kwa jicho la barazani, akajiambia: wananilainisha, watu hawa si wajinga kama nilivyodhani.

Mzee Datius akakohoa. "Hakuna neno, mkwe wangu," akasema. "Umefanya vema kuja. Leo asubuhi tu tulikuwa tukikutaja."

Miaka kumi na miwili Ildefons amewasikia watu wakisema hakuna neno, na kila mara waliosema hivyo ndio waliokuwa na maneno ya siku tatu. Buberwa alikuwa amekwisha jiinua nusu ili ashukuru kwa niaba yao, kama ilivyo desturi. Ildefons akamwekea mkono begani, akamkalisha, akasimama yeye. Mkwe akasimama mbele ya baba mkwe aliyeketi. Akatoa karatasi mfukoni.

Salamu zilikwenda vizuri. Alimsifu Mzee kwa kibanja chake na kwa samaki wake, na Mzee alitabasamu, ingawa alionekana hajui kwa nini anasifiwa na mtu aliyesimama. Kisha Ildefons akasoma: shtaka la kwanza, kwamba misimu miwili nimekula senene alioniokotea Ephrasia na sikumpa nguo, kama ilivyo desturi ya mume. Jibu lake, senene wa msimu wa kwanza walikuwa wachache, na wa msimu wa pili walizidi chumvi.

Karugendo alicheka, akidhani ni utani. Shangazi Klaudia hakucheka. Alimtazama kaka yake, na Buberwa akaivuta suruali ya Ildefons kwa chini, taratibu, mara mbili. Ildefons alijua maana ya kuvutwa huko, na alidharau onyo hilo. Aliona hoja ya kwanza imeingia.

Shtaka la pili, akasoma, kwamba nilisema Mzee Datius ni mtu asiyejua kuhesabu vidole vyake na kwamba nyumbani kwake kunanuka samaki. Jibu, ni kweli nilisema, lakini nilisema nyumbani kwangu, faraghani, na barazani maneno ya faraghani si ushahidi.

Tabasamu la Mzee lilitoka usoni polepole. Jikoni vyombo viliacha kulia. Mtu mwingine yeyote, hata yule wa mbuzi na babu yake, angekaa chini hapo. Lakini Ildefons alikuwa na karatasi, na kwenye karatasi kulikuwa na shtaka la tatu, ambalo jibu lake ndilo alilojivunia kuliko yote.

"Shtaka la tatu," akasoma kwa sauti ya kupanda, "kwamba mwaka juzi sikumruhusu Ephrasia kuja kumzika mama yake. Jibu. Juma lile Bwana Shauri alikuwa akija kukagua vitabu vya baraza, na wageni watatu walikuwa walale kwangu, na hapakuwa na mtu mwingine wa kupika. Kuhusu barua iliyoletwa hapa kusema kwamba Ephrasia ana homa, iliandikwa kwa heshima, ili ninyi wafiwa msizidi kuhuzunika."

Alipoinua macho aone hoja imefikia wapi, hakumwona mtu aliyejaribu kujibu. Karugendo alikuwa ameweka kibuyu chini. Shangazi Klaudia alijifunika mdomo kwa upande wa nguo yake. Buberwa alikuwa ametazama sakafuni kama mtu anayetamani asijulikane amekuja na nani.

"Barua ile," akasema Mzee Datius, "uliandika wewe?"

"Mimi mwenyewe," akajibu Ildefons, na hata wakati huo hakuweza kuzuia majivuno kidogo, maana ilikuwa barua iliyoandikwa vizuri.

Mzee akawa anazungumza na nyasi. Alisema kwamba kaburi lilikuwa wazi tangu asubuhi, na watu walimwambia wazike, naye akakataa, akisema mwanawe yuko njiani. Barua ikaja. Padri akamsomea. Ndipo akakubali wazike, na tangu siku ile amekuwa akimwombea mwanawe kila Jumapili asipatwe tena na homa kama ile.

Shangazi Klaudia ndiye aliyemgeukia Ildefons. Hakupandisha sauti. Alimweleza kwamba Ephrasia alikuja kupalilia kaburi la mama yake na kulizungushia mawe, kazi aliyosema imechelewa miaka miwili. Walipomuuliza habari za mumewe, alisema hajambo, ana kazi nyingi. Hakusema jambo jingine. Mzigo wake umefungwa tangu jana, na Karugendo alikuwa amsindikize kesho hadi Muleba. Walipowaona na rubisi walidhani mume ameshindwa kungoja, amekuja kumpokea mkewe, na walifurahi.

Hapo Ildefons alielewa. Hakuhitaji kuelezwa mara ya pili, alikuwa na akili, hilo hakuna aliyewahi kumnyima. Alielewa kwamba angekuja na vibuyu vyake na mdomo uliofungwa, kesho yake angekuwa kwenye lori na mkewe.

Ephrasia akaingia kutoka jikoni akifuta mikono. Alipiga magoti mbele ya baba yake.

"Tata, unisamehe," akasema. "Sikuwa na homa. Niliona haya kuwaambia nimeolewa na nani."

Mzee alimwekea mkono kichwani. Kisha Ephrasia akasimama na kumtazama mumewe, na Ildefons, aliyezoea kutazamwa kwa hofu na wenye mashauri, hakujua aweke wapi macho yake.

"Miaka miwili nilikuwa nikijiambia hulitaji jambo lile kwa sababu linakuuma," akasema. "Leo nimesikia mama yangu ni namba tatu, baada ya senene."

Ildefons alitazama karatasi. Ilikuwa bado imebaki sehemu moja, mstari mmoja, na katika mstari huo ndimo alimokuwa ameandika kwamba anaomba mkewe arudi. Alitaka kuusema bila kuusoma, lakini maneno mengine hakuwa nayo.

"Bado sijafika kwenye ombi," akasema.

"Basi liache hapo hapo lilipo," akasema Ephrasia, akarudi jikoni, na baada ya muda wakamsikia akifungua kamba za mzigo wake.

Mzee Datius akamwambia Buberwa, kwa upole, kwamba lori la Muleba huondoka kabla ya saa kumi.