Kioo Cheusi Kinuni

Mama Pacha alikuwa fundi katika karakana ya kufumua paneli za sola zilizochakaa. Zile nyeusi alizijua nje ndani. Katikati ya vioo viwili hupakwa utando wa madini ya kadimi na teluri, ndio unaogeuza jua kuwa umeme. Ukibaki humo haumdhuru mtu. Ukisagwa au kuungua, vumbi lake huingia mapafuni, na kadimi huenda ikajibanza kwenye figo miaka na miaka. Ndiyo maana kazini havui barakoa, wala harudi kwa wanawe bila kuoga.

Jioni moja alimkuta mama mkwe wake juu ya stuli, akipachika vipande vya kioo kwenye saruji mbichi juu ya ukuta.

"Wezi wamezidi," mkwe alisema. "Nimeokota kioo jalalani, cheusi, kikali kama wembe. Kilikuwa kigumu, nikakitwanga kinuni."

Mama Pacha alikitambua kile kioo. "Kinu kipi, mama?"

"Kwani tunavyo vingapi? Nilikipangusa vizuri. Nimeshatwangia karanga, na wajukuu wamekula wakashiba."

Alikimbilia ndani. Mapacha walikuwa wanacheza, midomo ingali na karanga. Aliwapangusa.

"Mama, ile ni sumu."

Mkwe alikohoa, akacheka. "Sumu gani isiyo na harufu?"

Mama Pacha alikifunga kinu kwenye mfuko wa plastiki, akawapeleka hospitali watoto na bibi yao. Walipimwa damu na mkojo, wakaambiwa wasubiri. Siku zile hazikwenda. Pacha mmoja akisukuma sahani, Mama Pacha alimpima joto kwa kiganja. Mwingine akijikuna, alimvua nguo amkague. Wenzake wa karakana walikuja na barakoa zao, wakaulowesha ukuta maji na kuving'oa vile vipande.

Majibu yalipotoka, watoto walikuwa salama. Daktari akamgeukia bibi yao. "Vumbi umelivuta wewe uliyetwanga. Kadimi imepanda mwilini mwako. Figo zako tutazipima mara kwa mara."

"Kama gari bovu," mkwe alisema, lakini hakucheka.

Tangu hapo amekuwa mpole kupita kiasi. Asubuhi humwita Mama Pacha chooni, kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie.

"Mwanangu, hebu tazama. Rangi hii ya mkojo ni ya kawaida?"

"Ni ya kawaida, mama," humjibu, naye hajui.