Diski niliyokataa kufuta

Leo nimekataa kubonyeza "Ndiyo".

Baba Moraa alikuwa kwa simu kutoka Doha, mapumziko yake ya chakula, akinielekeza. Tulikuwa tunaunganisha diski mbili ziwe kama moja, kila faili igawanywe nusu huku, nusu kule, ndiyo kompyuta iwe na mbio. Mimi huunganisha video za harusi hapa Nyamira, na hii mashine hunichosha kuliko mtoto.

Sawa, karibu kama mtoto.

Ikauliza: vyote vilivyomo vitafutwa, uendelee?

"Endelea, Mama Moraa. Hiyo diski ya zamani haina kitu."

Nikamwambia ngoja nichungulie.

Jamani. (Mwenye amewahi kukuta kitu kama hiki ataniambia.)

Ni video ya siku Baba Moraa aliyosafiri kwenda Doha. Mama yake, jikoni Nyansiongo, anamfokea: "Ongeza ugali! Huko unakoenda hakuna mama."

Mama tulimzika mwaka jana. Mwanawe hakupata ruhusa ya kuja.

Nikaweka simu karibu na spika. Nikaicheza.

"Rudia hapo kwa ugali."

Nimerudia mara nne.

Halafu akajikohoza. "Basi tuihamishe, tuunganishe, tuirudishe."

"Na diski moja ikiharibika?"

"Faili zote zinapotea."

Nikamwambia basi hapana, Baba Moraa. Nitavumilia kompyuta ya polepole. Hii diski haiguswi mpaka uje uitazame ukiwa umekaa hapa.

Akasema:

"Haya. Nibakishie ugali."