Ukoko Ndani ya Rejeta

Miaka ya mwisho mwisho ya utawala wa Mwingereza nilikuwa na gari kuukuu, nililolinunua kwa mpima ardhi wa Kizungu aliyekuwa akirudi kwao. Mtaani kwetu Mtoni hapakuwa na jingine. Lilikuwa zima kila mahali, ila lilichemka. Nikitoka nyumbani, kabla sijafika Keko, mvuke umeshafoka kwenye mfuniko wa rejeta, lile tangi la maji ya kupoza injini, na watoto wa njiani wananizomea.

Ningeweza kuvumilia kuzomewa. Lakini dada yangu mdogo alikuwa ameposwa Magomeni, nami nilikuwa nimemwahidi kwamba atatoka nyumbani ndani ya gari la kaka yake. Baba aliposikia, alikata shauri.

"Bibi harusi akikwama njiani ni mkosi," alisema. "Likiendelea kuchemka mpaka wiki ya harusi, atapanda lori la wakwe. Sitaki aibu mie."

Dada alinitazama tu, na mtazamo ule ulinitia ukaidi.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Fundi mmoja wa Gerezani alisema gasketi inayotenga maji na mafuta imeungua, injini ifunguliwe yote. Jirani alisema ni jicho la watu. Mie nilikuwa dereva wa malori ya jeshi wakati wa vita, na huko nilijifunza jambo moja: shuku kitu kimoja, kimalize, ndipo ushuku kingine. Nikaanza na mkanda wa feni. Ulikuwa umekaza vizuri. Nikatazama mafuta kama yamechanganyika na maji, nikatazama rejeta kama inatoa mapovu injini ikiwaka. Hakuna. Basi gasketi haikuwa na kosa, na yule fundi alikuwa anataka kazi tu. Nikatoa kile kidude cha shaba kinachoyafungulia maji njia yakipata moto, nikakitia katika sufuria ya mama jikoni na kuchochea moto. Maji yalipochemka, kikafunguka kama inavyotakiwa. Mama akaniambia sufuria ile ni ya mchuzi, na nikome.

Nilikuwa nimebaki na rejeta yenyewe. Nikaliendesha gari mpaka likapata moto, nikalizima, nikapitisha kiganja taratibu mbele ya rejeta. Juu palikuwa pa moto wa kuunguza. Katikati palikuwa baridi. Nikarudia, nikadhani mkono wangu unanidanganya. Maji hayakuwa yakipita pale. Nikaifungua rejeta, nikaipindua uani na kuigongagonga, vikaanguka vipande vyeupe vigumu, ukoko mtupu. Ukoko ule niliujua. Ndio uliokuwa ndani ya birika letu la chai tangu nikiwa mtoto.

Kikulacho ki nguoni mwako. Yalikuwa maji ya kisima chetu.

Hapo ndipo moyo uliponishuka, maana kisima kile alikichimba baba kwa mikono yake, na mtaa mzima ulichota hapo. Kina ladha ya chumvi kidogo, lakini sisi tuliokulia hapo hatukuisikia tena. Tena tangu nilete gari, baba ambaye hakujua kuendesha alikuwa amejipa kazi moja: kila asubuhi, akitoka kuswali, hujaza rejeta mwenyewe kwa kopo, huku akisoma dua. Kadiri lilivyochemka ndivyo alivyoongeza maji, na kadiri alivyoongeza ndivyo lilivyoziba.

Nilimfuata barazani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeuona ugonjwa?"

"Nimeuona. Ni maji ya kisima, baba. Yameziba rejeta."

"Maji hayo ndiyo yaliyokulea."

"Yamenilea mie, baba. Gari halina tumbo."

Nilijuta papo hapo kwa lile la tumbo. Aliinuka, akaingia ndani, na tangu siku hiyo hakunisemesha wala hakuligusa kopo. Niliumia, lakini sikurudi nyuma. Mama alinipa kapu la ndimu, nikazikamua, nikaijaza rejeta maji ya ndimu ya moto na kuyaacha yalale humo, nikamwaga, nikarudia, mpaka yakatoka bila ukoko. Kisha nikajaza maji ya bomba niliyoyabeba kutoka mjini kwa madebe, na wiki ya harusi gari likafika Keko bila kuchemka.

Siku ya harusi dada alipanda nyuma na somo yake aliyemfunda, amefunikwa kanga. Si desturi yetu baba kumsindikiza binti, lakini baba alifungua mlango wa mbele akakaa kando yangu. Watu wakanong'ona. Mie nilielewa: alitaka kuliona likichemka kwa macho yake.

Msafara wa harusi hauna haraka. Mbele yetu wanawake walicheza na kuimba, ngoma ikipigwa, nasi tukatambaa nyuma yao kwa mwendo wa miguu, jua likiwa utosini. Kwa gari lenye maradhi hakuna adhabu kubwa kuliko hiyo. Tukapita Keko, tukapita Kariakoo. Baba hakubandua macho kwenye mfuniko wa rejeta. Jasho lilinitiririka mpaka viganjani. Hata uzi mmoja wa mvuke haukutoka.

Tulipofika Magomeni, vigelegele vikapasuka, dada akateremshwa. Baba alizunguka mbele ya gari, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo. Ami yake bwana harusi akamjia, akalisifu gari, akamtania kama nalo linanyweshwa maji ya kisima chake maarufu.

"Hili linakunywa ya bomba," baba alijibu, kwa sauti ya kusikika. "Maji ya kisima changu tunakunywa watu. Hivyo ndivyo alivyosema mwanangu, na mwanangu anajua."

Nikafungua boneti, ingawa hapakuwa na kitu cha kutazama, nikainamia injini mpaka macho yalipokauka.