Kikombe Kilichofunikwa

Sikiliza, wewe unayeanza kazi ya uuguzi, nikueleze jambo ambalo mimi nilifundishwa na mgonjwa.

Nilikuwa hospitali ndogo upande wa Mlima Meru. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka madirishani, na wodi ya akina mama ilikuwa kimya mno. Kitanda cha ukutani kilikuwa kitupu. Aliyekilalia alikuwa amefariki juzi yake mchana, na godoro lilikuwa bado limebonyea. Kwenye kitanda kilichofuata alilala bibi mmoja wa kijiji cha Akheri. Presha yake ilikuwa juu sana, na daktari alishasema kwamba asipomeza dawa atapata kiharusi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Kisha akageukia kile kitanda kitupu, akakisalimia kwa Kimeru, polepole, na kunyamaza kama anayesubiri aitikiwe.

Nikampa vidonge na maji, nikageuka kuandika kwenye faili.

"Umemeza, bibi?"

"Ndiyo, mwanangu."

Nilipoinua mto wake ili niuweke vizuri, nikakuta leso. Ndani yake kulikuwa na vidonge vya jana na vya leo. Nilitaka kufoka. Badala yake nikavuta stuli, nikakaa.

"Bibi, unaogopa nini?"

"Si wewe uliyempa yule kikombe?" Akaonyesha godoro kwa kidevu. "Ulikileta kimefunikwa. Akanywa, akalala, hakuamka."

Ni kweli, nilikileta mimi, kikiwa na dawa yake. Nilijua dawa haikumuua, lakini kwa kitambo kidogo niliitazama mikono yangu kama ya mtu mwingine.

"Kwetu anayekupa kinywaji huonja kwanza, ujue ni salama," aliendelea. "Wewe unatokea nacho kule nyuma ya mlango."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie wewe? Mwenye kikombe?"

Nikaleta jagi la maji na vikombe viwili vitupu. Nikamimina mbele yake, nikanywa cha kwangu.

"Maliza! Usibakize kama mtoto."

Nilicheka, nikamaliza. Yeye hakucheka. Alilikodolea macho koo langu, akasubiri. Nami, nisikufiche, nilisubiri pia, nikisikiliza moyo wangu, huku ukungu ukigandamana kwenye vioo. Kisha nikamweleza kwamba vidonge vile ni vya presha yake yeye, si dawa aliyopewa jirani yake; kwamba vitateremsha presha taratibu, na huenda kichwa kikawa chepesi akisimama ghafla. Akaniuliza maswali manne. Nikayajibu yote.

Akameza vile vya leo, kimoja kimoja, akaachama nione hadi chini ya ulimi. Halafu akageukia kitanda kitupu, akakiambia neno moja la Kimeru. Sikuthubutu kumuuliza maana yake.

Kesho ukienda wodini, usimpe mgonjwa kikombe ulichokijaza mahali asipokuona. Mimina mbele yake, onja cha kwako kwanza, kaa chini, muulize anaogopa nini, na usiinuke kabla hajajibu.