Kwetu Kula Ilikuwa Lazima

Katika mashindano ya chesi mjini Kigoma, mwalimu mmoja wa Kidahwe alinijibu kwa ulinzi wenye mtego: mapema kabisa akaniachia kete ya bure. Ule mtego niliujua. Mkono ukaila hivyohivyo kwa malkia wangu, na muda si mrefu malkia huyo akakosa pa kutokea.

Mkono huo ulifundishwa na marehemu dada yangu, barazani kwetu Buzebazeba, kwa drafti ya vizibo vya soda. Kwenye drafti kula ni lazima. Ukisita tu, dada anakuchapa vidole kwa kandambili.

Nilipokiri kwamba mtego niliuona, mwalimu akauliza, “Sasa mbona ulikula?”

Nikamjibu kwa hasira kwamba kwetu asiyekula alichapwa. Akacheka. Mimi ningeshindwa hata mashindano yote, mradi dada anichape tena mara moja.